Mlinzi Aliyeisingizia Ngoma

Wasikilizaji wapendwa, karibuni, na poleni na shughuli. Kama redio yako inakwaruza, iguse kidogo hapo pembeni, maana leo tunamkumbuka mtu ambaye mkwaruzo ulikuwa adui yake. Tunamkumbuka fundi wa amplifaya. Alikuwa mwanamke, na mtaani walimwita Bi Shaka. Aliitika jina hilo bila kinyongo. Bi Shaka ametutoka, na amezikwa wiki iliyopita.

Kwa aliyechelewa kuwasha redio, tunamzungumzia Bi Shaka, fundi wa amplifaya. Amplifaya ni kile chombo kinachopokea sauti ndogo ya maikrofoni na kuipa nguvu za kusukuma spika. Wengine hununua dukani. Bi Shaka aliziunda mwenyewe, kuanzia bati la nje hadi waya wa mwisho ndani, katika chumba cha mbele cha nyumba aliyoachiwa na mama yake.

Kwa nini Shaka? Tulimuuliza mumewe, fundi cherehani, mzee wa maneno mengi na meno machache. Alicheka kwanza, kisha akafuta macho.

"Mke wangu hakuamini kitu," alisema. "Nikimuaga kwamba nakwenda sokoni, ananitazama miguuni aone nimevaa viatu gani. Umeme ukirudi baada ya kukatika, hawashi chochote. Anasema, acha kwanza tuone umerudi na akili gani."

Transista nazo hakuziamini. Hizo ndizo zinazobeba mzigo wote ndani ya amplifaya, na feki zimejaa sokoni, zimeandikwa vizuri kuliko hata za kweli. Basi Bi Shaka akinunua fungu, anachukua moja, anaiweka kizingitini na kuipasua kwa nyundo. Anatazama kijipande kilichomo ndani. Kikiwa kidogo kama chembe ya sukari, hiyo ni feki, na fungu zima linarudi dukani, yeye akiwa nalo. Wenye maduka wakimwona anakuja walianza kutafuta shughuli nyuma ya kabati.

Sasa msidhani shaka ilikuwa ugonjwa tu. Ilikuwa ndiyo kazi yenyewe. Ndani ya amplifaya, transista hufanya kazi mbili mbili. Moja inasukuma, nyingine inavuta, kama watu wawili kwenye msumeno mrefu wa kupasulia mbao. Kama mmoja ataachia kabla mwenzake hajashika, sauti inakwaruza, hasa pale mwimbaji anapoimba pole pole. Kwa hiyo fundi huwaachia wote wawili umeme kidogo muda wote, wasisinzie. Ukizidisha, wanachemka na kuungua. Ukipunguza, mkwaruzo unarudi. Bi Shaka alirekebisha hapo, akangoja chuma kipate joto, akarekebisha tena. Mumewe anasema alikuwa akiinamisha sikio kwenye spika iliyo kimya, asikie kama kimya chenyewe ni kisafi.

Na kila amplifaya ya Bi Shaka ilikuwa na mlinzi. Hilo ndilo jina alilompa. Mlinzi ni kikorokoro kidogo kinachokaa kati ya amplifaya na spika. Ukiwasha, hafungui njia mara moja. Anatulia, anachunguza, kisha unasikia "tak!" na sauti inatoka. Anachunguza nini? Sauti, wasikilizaji wapendwa, ni umeme unaokwenda na kurudi. Umeme ukienda usirudi, maana yake kuna transista imekufa ndani, na spika itakaangwa kama yai. Basi mlinzi kazi yake ni kuuliza: wewe unayepita, unarudi? Akiona huyu harudi, "tak!", anakata njia. Shika neno hilo, kwamba mlinzi anakata umeme usiorudi. Tutalihitaji sasa hivi.

Bi Shaka alikuwa na mdogo wake wa kiume, wa tumbo moja. Mdogo mtu alikuwa mpiga ngoma kubwa katika bendi ya mtaa, ile ngoma ya kubeba kifuani. Walipendana, lakini mama yao alipofariki waligombana. Mdogo alikitaka kile chumba cha mbele kiwe cha mazoezi ya bendi. Dada alikitaka kiwe karakana. Wazee wa ukoo wakakaa, wakampa dada. Mdogo akasema sawa. Alisema sawa haraka mno, na dada yake hakuipenda hiyo haraka.

"Mtu anayenyimwa chumba akasema sawa," Bi Shaka alimwambia mumewe, "huyo ana lake jambo."

Haukupita muda, shule ya mtaani ikafungua ukumbi mpya. Walimwagiza Bi Shaka amplifaya kubwa kuliko zote alizowahi kuunda. Ilikuwa kazi ya kumtoa kimaisha. Wageni wamejaa, mwalimu mkuu amevaa suti yenye mikunjo ya sandukuni, na bendi ya kufungua shughuli ni ipi? Ile ile ya mdogo wake.

Tarumbeta zikapigwa, sauti ikatoka safi hata watu wakageukiana. Bi Shaka amesimama kando ya amplifaya, mikono nyuma, anajizuia asitabasamu. Kisha mdogo wake akainua rungu lake lenye kitambaa laini kichwani, akaipiga ngoma kubwa mbele ya maikrofoni. Duuum!

Tak! Ukumbi ukawa kimya.

Bi Shaka akazima, akawasha. Mlinzi akangoja, akafungua. Tarumbeta zikaendelea, hakuna shida. Ngoma ikapigwa. Tak! Kimya tena. Watoto wakaanza kucheka. Akazima, akawasha, ngoma ikaikata mara ya tatu, na sasa Bi Shaka hakuigusa amplifaya. Alimtazama mdogo wake. Mwimbaji akiimba, salama. Tarumbeta zikilia, salama. Akipiga yeye, inakatika. Ungekuwa wewe, msikilizaji, ungefikiri nini? Yeye alifikiri kuhusu kile chumba cha mbele.

Alipanda jukwaani. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema, na maikrofoni ya mwimbaji ikalipeleka neno hilo mpaka nje ya geti, maana ngoma iliponyamaza mlinzi alikuwa ameshafungua njia mwenyewe. "Umeifanya nini maikrofoni yangu?"

"Dada, napiga ngoma tu."

"Lete mkoba wako."

Akaupekua mkoba wa mdogo wake mbele ya ukumbi mzima. Alitafuta waya, alitafuta kifaa, alitafuta chochote cha kumtia hatiani. Akatoa mkanda wa ngoma, shati la kubadilisha, nusu mkate, na soksi moja ya mtoto. Soksi ile aliigeuza nje ndani. Jamani! Hakukuwa na kitu. Na kukosa kitu hakukumpoza. Alisema, "Umeshakificha."

Mdogo wake alivua ngoma kifuani, akaiweka chini pole pole, akachukua soksi ya mwanawe mkononi mwa dada yake, akatoka. Tulipomtembelea aliikumbuka siku hiyo kwa sentensi moja. "Hakunipekua mkoba," alisema. "Alinipekua mimi."

Kuanzia hapo, wawili hawa wa tumbo moja hawakusemezana. Wakikutana njiani, mmoja alikumbuka ghafla kwamba amesahau kitu nyumbani. Watoto wao waliamkiana kwa kuibia. Miaka ikaenda, na Bi Shaka aliendelea kusema kwamba ndugu yake alimharibia. Alilisema sana. Mumewe anaamini alilisema sana kwa sababu lilikuwa linamponyoka.

Kisha akatokea mteja, mwenye ukumbi wa kuonyesha sinema. Amplifaya ya Bi Shaka ilikuwa inamkatikia. Bi Shaka akamtazama juu hadi chini. Umeiunganisha na nini? Nani ameifungua? Waya hizi umezinunua wapi? Maskini ya Mungu, yule bwana alijieleza kama yuko mahakamani. Alisema watu wakizungumza kwenye sinema, haikatiki. Muziki ukipigwa, haikatiki. Inakatika radi ikinguruma.

Fundi cherehani alikuwa anapitisha uzi kwenye sindano. Akauliza bila kuinua kichwa, "Kwani na hiyo radi ni mdogo wako?"

Bi Shaka aliivuta amplifaya karibu. Alikaa kwenye kigoda. Akaifungua na kumtazama mlinzi, yule mlinzi aliyemuunda kwa mkono wake. Sauti ya radi ni nzito. Sauti ya ngoma kubwa ni nzito. Sauti nzito inakwenda pole pole na kurudi pole pole. Inarudi, ila inachelewa. Na mlinzi wa Bi Shaka alikuwa hana subira. Alipoona umeme umechelewa kidogo kurudi, alihukumu kwamba haurudi kabisa, akakata. Hakukuwa na transista iliyokufa. Hakukuwa na mchawi jukwaani. Mlinzi alimwona mwizi mahali palipokuwa na mgeni mwenye mwendo wa taratibu.

Dawa yake? Kapasita moja ndogo, ile inayompimia mlinzi muda wa kungoja. Aliitoa, akaweka kubwa zaidi. Sasa mlinzi alikuwa na subira ya kutosha kuisikiliza radi mpaka mwisho, na bado alikuwa mwepesi wa kukata hatari ya kweli. Sinema ikaendelea. Mteja akaenda zake anashukuru. Bi Shaka akabaki na ile kapasita ya zamani kiganjani.

"Ngoma ilikuwa ngoma tu," alimwambia mumewe, na akalia kwa sauti, mtu mzima yule, mpaka wateja wa nguo wakarudi nyuma.

Asubuhi yake alikwenda kwa mdogo wake. Alipiga hodi. Akakaribishwa na wifi yake, ambaye nusura adondoshe beseni. Mdogo mtu akatoka chumbani, akasimama mlangoni, hakukaa.

"Nimekuja kukuomba radhi," alisema dada.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna aliyenituma."

"Karatasi ziko wapi?"

"Karatasi gani?"

"Za nyumba, dada. Mnataka kuuza, mnataka nikubali. Tangu lini wewe ukaomba mtu radhi?"

Bi Shaka aliumwaga mkoba wake mezani. Miwani, bisibisi ya kupimia umeme, leso, na ile kapasita. Akaiinua. "Huyu ndiye aliyekusingizia," alisema. "Huyu na mimi."

Mdogo wake aliitazama ile kapasita. Kisha akaipapasa bitana ya mkoba, asikie kama kuna karatasi imeshonewa ndani. Ametuambia mwenyewe, na alipokuwa anatuambia alikuwa anatazama vidole vyake. Bi Shaka alirudisha vitu vyake kimoja kimoja, akamuaga wifi yake, akaondoka. Hakukasirika. Alipofika nyumbani alimwambia mumewe, "Amefanya kama nilivyomfundisha."

Mwaka huu Bi Shaka aliugua. Moyo, walisema madaktari. Alipolazwa aliomba kitu kimoja tu, mdogo wake aitwe. Fundi cherehani akapiga simu, akaiweka kwa sauti ya wazi, akailaza kando ya mto ili mgonjwa asikie sauti ya nduguye.

"Shemeji, dada yako anaumwa. Anakuita."

Na ile simu ikajibu, "Shemeji, mwambie dada mtego wake nimeuona. Nitakuja Jumapili, pamoja na wazee wawili wa kushuhudia."

Fundi cherehani aliizima haraka, lakini neno lilikuwa limeshafika. Akamgeukia mkewe. Bi Shaka alikuwa anacheka, kile kicheko chake cha puani.

"Muache," alisema. "Mpe muda."

Ilikuwa Alhamisi. Bi Shaka alifariki Ijumaa.

Mdogo wake alifika Jumapili, na wale wazee wawili, kama alivyoahidi. Walikuta viti vimepangwa nje na wanawake wamejifunga khanga. Alimkamata shemeji yake mikono miwili, akawa anasema neno moja tu, "Kumbe kweli. Kumbe kweli." Wale wazee wa kushuhudia ndio waliomshikilia asianguke.

Wasikilizaji wapendwa, katika kipindi hiki tumezoea kuwaambia kwamba marehemu ameondoka amepatana na watu wake. Huwa tunapenda kusema hivyo, na familia hupenda kusikia. Safari hii, mdogo wa marehemu ametukataza. Tulipokuwa tunakunja waya zetu, alitufuata mpaka kwenye gari.

"Msiseme alinisamehe," alisema. "Shemeji anasema alinisamehe. Sikumsikia mimi kwa masikio yangu. Semeni kwamba aliita, na mimi sikuamini. Semeni hivyo hivyo, labda kuna mtu ana simu mkononi."

Basi tumesema hivyo hivyo. Kwako mzee fundi cherehani, pole sana, Mungu akushike mkono. Kwa watoto na wajukuu, poleni. Na kwako mdogo wa marehemu, najua unatusikiliza: pole, kaka. Nawe msikilizaji, kama kuna mtu wako wa damu anayekuita leo, na moyo unakwambia huo ni mtego, nenda. Kama ni mtego kweli, utarudi nyumbani umekasirika, basi. Mdogo wa marehemu ilimchukua siku tatu kufika, na dada yake alikuwa na siku moja.