Felista Anyosisye, Aliyefunga Krosi Akatoka Kyimo

Wapendwa waombolezaji, wachungaji na ndugu wa pande zote mbili, dada yetu Felista Anyosisye alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 hapa Matwebe, akamaliza darasa la saba mwaka 1993, akajifunza ushonaji Tukuyu mjini, akawa na cherehani yake sokoni.

Mwaka 2003 aliolewa na Anyitike wa Kyimo, wakajaliwa mtoto mmoja, Lugano, na mwaka 2007 mumewe akaja kutoka Dar es Salaam na gari la michezo la zamani, la viti viwili, ambalo krosi za ekseli ya nyuma, yaani viungo vinavyopeleka nguvu kwenye magurudumu, zilivunjika mlimani, likasukumwa hadi uani kwao Kyimo, naye akaaga kwenda Zambia kutafuta nyingine, asirudi wala kutuma salamu.

Tangu hapo ua ule ukawa kifungo, kwa maana shemeji yake, Ackson, aliamini kaka yake angefuata gari na mke pamoja, akamkataza kushona sokoni, akamruhusu kumzika mama yetu kwa sharti arudi jioni ileile, na kila alipoomba kurudi kwao aliambiwa njia ni nyeupe, ila mtoto anabaki. Kila Jumapili Ackson aliwasha injini, akakaa ndani akisikiliza mngurumo, na Felista akapika ndani ya moshi wake. Mwaka 2014 alipolia mbele ya wazee wa ukoo, Ackson alicheka, akasema, "Shemeji, siku gari hili litakapotoka hapa kwa magurudumu yake, toka nalo, na mwanao mchukue."

Felista alilishika neno hilo, na Asia Yussuph, muuza vipuri wa Tukuyu, alimpatia krosi za pikapu zenye kipimo kilekile, akamwonya, "Mama Lugano, usigonge kwa hasira, sindano moja ya beringi, kile chuma chembamba, ikilala ndani ya kikombe cha krosi, krosi haikai." Ackson alipokwenda msibani Mbeya, Felista alipiga jeki, akaliegemeza gari juu ya magogo kwa sababu ya tope, akagonga vikombe vilivyoshikwa na kutu hadi mikono ikatoka damu, akafunga vipya, lakini upande wa kushoto ukagoma kuzunguka, akabaki amelala chini ya gari akilia, kisha akafungua tena, akaikuta sindano imelala, akaisimamisha kwa grisi.

Asia alishika usukani, mama na mwana wakabanana kiti cha pili, na getini wakamkuta Ackson amerudi, amesimama katikati ya njia, hataki kusogea, hadi mzee Jacob, mkubwa wa ukoo aliyeisikia ahadi ile, alipomwambia, "Neno lilitoka kinywani mwako, mwanangu, pisha," naye akapisha.

Gari lilirudishwa Kyimo wiki ileile, maana dada hakuwa mwizi. Hata hivyo, kwa miezi mingi hapa nyumbani aliendelea kutuomba ruhusa ya kwenda sokoni, nasi tukaumia kusikia, mpaka siku moja akatoweka bila kuaga, tukamtafuta migombani kote, akarudi jioni kutoka sokoni na kitambaa cha kushona begani, akatucheka sana.

Aliugua figo mwaka 2024, akafariki tarehe 9 Juni 2025 asubuhi, Lugano akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika na kukesha, mafundi cherehani wenzake, Asia, na mzee Jacob, nanyi ndugu wa Kyimo mliofika leo, pamoja na Ackson, karibuni, kaeni nasi.

Ndaga fijo, asante sana, dada yetu, lala kwa amani.