Shangazi Hebu Anaaga, Damu Bado Inashukiwa

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika maabara ya damu ya hospitali yetu, Shangazi Hebu anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Alipoambiwa kuna sherehe, aliuliza kwanza ni nani aliyeiomba, na kwa nini watu wananong'ona.

Jina hilo alipewa na watu wa zamu, kwa sababu hajawahi kupokea jibu la kipimo bila kusema hebu. Hebu nione. Hebu rudia. Hebu niambie nani aliibeba chupa hii. Mashine mpya aliishuku mpaka fundi wake akawa anapita mlango wa nyuma. Mfagizi naye alishukiwa kuzima friji. Hakuizima, na Shangazi alimwomba radhi mbele yetu sote. Sisi wenye watoto wachanga, tunaofika kazini macho mekundu, alisoma majina kwenye chupa zetu mara mbili, kisha akatusogezea kiti.

Alianza kwa kuwatoa wagonjwa damu ya vipimo wodini. Mshipa uliojificha aliupata kwa kupapasa, huku akimgombeza mgonjwa kwa kutokunywa maji. Baadaye akaingia kwenye utafiti wetu wa saratani ya matiti. Tulitaka kujua kama askari wa mwili wanaoonekana kwenye damu wanaweza kutuambia mapema ni mama yupi dawa itamsaidia. Tulihesabu chembe nyeupe za aina mbili: zinazokimbilia uvimbe wowote, na zile zinazoweza kuisaka saratani. Za kwanza zikizidi sana za pili, tuliiona hiyo kuwa dalili mbaya.

Majibu ya mwanzo yalitufurahisha. Yeye yalimkosesha raha. Alisema yamenyooka mno, kama shati la dukani ambalo hakuna aliyewahi kulivaa.

Ndipo akaja fundi cherehani mmoja, mama wa watu mpole. Chembe zake zilitoka vibaya, na daktari wetu akaanza kufikiria kumbadilishia dawa. Ile ya pili inaweza kutia ganzi vidole. Fundi hakubisha. Aliuliza tu kama ganzi hiyo huisha.

Shangazi akaishuku friji kama kawaida yake, kisha mashine, kisha mimi niliyemtoa damu. Sote tukaonekana hatuna kosa. Akaenda kuketi na fundi kwenye benchi, akamhoji kama polisi: umelala wapi, umekula nini, umemeza nini?

"Si vile vidonge vyenu vya kuzuia kutapika, dada? Mlisema natoka mbali, nivimeze jana nyumbani."

Hapo ndipo mambo yalipofunguka. Vidonge hivyo hupandisha kwa muda chembe za aina ya kwanza na kushusha za pili. Wagonjwa wa karibu huvimeza wodini baada ya kutolewa damu, ila wa mbali huwa wameshavimeza. Mashine ilikuwa inatuambia nani anaishi mbali, nasi tukadhani inatuambia nani dawa haitamsaidia.

Daktari alishika kichwa, akacheka, akasimamisha mpango wake. Fundi akatolewa damu upya siku ambayo hakuwa amemeza kitu, na hesabu ikatoka ya kawaida. Akaendelea na dawa ileile, uvimbe ukasinyaa, akafanyiwa upasuaji. Bado anashona. Utafiti nao tuliuanza upya. Majibu ya sasa hayana mng'ao ule, lakini unaweza kuyaegemea.

Msimwambie Shangazi kwamba aliokoa mtu. Hilo nalo analishuku. Anasema mgonjwa mmoja si ushahidi. Hata maneno haya aliyadai ayasome kwanza. Nilikuwa nimeandika kwamba damu hutabiri. Akafuta, akaandika "huenda ikatabiri", akanirudishia bila kutabasamu.

Shangazi, kuna waliokuona mkorofi. Sisi tuliofanya kazi pembeni yako tulimwona mtu aliyekataa mwanamke ahukumiwe kwa chupa moja ya damu. Tunakushukuru kwa kila hebu. Upate afya, usingizi wa kutosha, na wajukuu wasiochoka kuhojiwa.

Jumatatu fundi anakuja kupimwa tena. Nitamtoa damu mimi, na kabla ya sindano nitamuuliza amemeza nini. Akinijibu, nitamuuliza tena. Wewe pumzika.