Mama Deusi na Habari ya Pili

Ndugu waombolezaji, Tumsifu Yesu Kristo, na kwenu ndugu zetu Waislamu, Asalaam Aleikum, naitwa Hosiana, mtoto wa pili wa marehemu, nimetumwa na familia kuwasomea maisha ya mama yetu, Paskalia Limi Maige, ambaye wengi mlimwita Mama Deusi.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1976 hapa Tinde, mtoto wa tatu wa Mzee Maige na Bibi Suzana, akasoma shule ya msingi hapa hapa kuanzia 1984 hadi 1990, na mwaka 1993 akaenda Isaka kuwapikia madereva na wapakiaji wa bandari kavu, kazi aliyoifanya mpaka mwili ulipokataa.

Huko ndiko alikokutana na baba yetu, Boaz Kashindi, utingo wa lori, mzaliwa wa Uvira, Kongo, aliyekimbia vita mwaka 1996, na nyumbani ikawa kesi, kaka mkubwa wa Mama, Mjomba Stanslaus, akamwambia, "Limi, kila siku redioni wanachinjana huko, unataka kutuletea hayo nyumbani?", naye akajibu, "Kaka, redio ilimtaja Boaz saa ngapi?", kikao kikavunjika kwa kicheko cha mashangazi, na tarehe 21 Aprili 2001 wakafunga ndoa Isaka, wakajaliwa watoto watatu, Deusdedit mwaka 2002, mimi 2004 na Eunice 2008.

Mwaka 2014 alihamishia mgahawa wake Nyasubi, Kahama, akaweka runinga, na mliokula pale mnaijua sheria yake, taarifa ya habari ikiisha anazima, anamgeukia mteja aliyetoka safari, "Haya baba, sasa tupe habari ya pili", na dereva, kijiko mkononi, anaeleza kwamba Goma aliyoiacha juzi ina harusi, ina foleni ya maji, ina mwalimu anayefundisha chini ya turubai, na hata wachimbaji wadogo wa dhahabu, ambao kwenye taarifa huitwa wavamizi, walipata pale nafasi ya kujibu.

Vita ilipoanza Ulaya, runinga ilituonyesha kila mtoto na jina lake, na mwanasesere wake, na mbwa wake, tukalia, na ni haki kulia, lakini Kongo, ambako malori yetu yanakwenda na kurudi, ilipewa sekunde chache na neno moja la idadi ya waliokufa, "makumi", nasi kanisani tukaiombea Ulaya peke yake, hadi Mama alipomfuata katekista Bartholomeo baada ya misa, akamwuliza, "Mwalimu, kwani Mungu naye anatazama runinga ile ile?", Jumapili iliyofuata Kongo ikaombewa, na inaombewa mpaka leo.

Februari 2025 figo zilianza kumsumbua, akatibiwa Kahama, kisha Mwanza, na Jumamosi tarehe 9 Agosti 2025 asubuhi, baada ya kumtania Baba kwamba uji wake una mabonge, akafariki.

Jana kwenye kikao cha familia Mjomba Stanslaus alitaka niandike kwamba Baba ni mtu wa Kigoma, akihofia tusije tukaitwa wakimbizi mitandaoni, na najua anatupenda, nikamwambia, Mjomba, heshima yako iko pale pale, ila tukimficha Baba leo tutakuwa tunawasomea watu taarifa ile ile aliyokuwa akiizima Mama, akamtazama Baba aliyekuwa ameinamia kikombe cha chai, akasema, "Andika Uvira, ng'wanone, mwanangu, na usome kwa sauti, wa nyuma wasije wakasikia nusu."

Nimeandika, nimesoma, na Mjomba ameketi pale mbele, bega kwa bega na shemeji yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Kahama na Mwanza, majirani wa Nyasubi, mama lishe wenzake, na ninyi madereva mlioegesha malori barabarani ili mumsindikize.

Pumzika, Mama, amani iwe kwako hapa Tinde, na Uvira pia.