Debe la Wariara

Treni ilipoiacha Njoro, Nuria alikwisha kujua kwamba maharagwe ya mama aliyeketi mbele yake yamekufa yote. "Yalirefuka kwanza, kisha yakajipinda kama mkia wa nguruwe," Wariara alimwambia Naftaly, kijana wa maabara ya kilimo. "Na nyapara wa shamba la ngano alisema dawa yao ni ya kukuza."

"Hakudanganya, mama. Inaiga kichocheo cha ukuaji cha mmea wenyewe. Ngano huvumilia, haragwe hukua ovyo mpaka likajiua."

Naftaly alichora duara kwenye vumbi la dirisha, akatia nukta mbili ukingoni. Mwalimu asiye na darasa, Nuria aliwaza, hakosi kazi hata safarini.

"Duara ni dawa yenyewe, nukta hizi ni klorini. Nguvu iko mahali zilipokaa. Hamishia moja upande wa pili, mmea hautaijali dawa."

"Basi ihamisheni. Mnangoja nini?"

"Magugu nayo yatapona."

"Magugu ya bwana wenu. Mimi yangu nayang'oa kwa mkono."

Naftaly akacheka. "Sasa wewe dawa uliitoa wapi?"

"Sikuitoa popote. Nilimwagilia maji kwa debe walilotupa watu wa nyapara." Akaligusa kwa kisigino, chini ya kiti. "Hili. Ndani yake nampelekea binti yangu wa Nakuru miche ya nyanya."

Kidole cha Naftaly kikabaki kwenye kioo. Nuria aliinama, akaona majani ya juu ya miche yameanza kujikunja.

"Nilikwisha kulisugua kwa majivu," Wariara alisema, akiwatazama kwa zamu. "Majivu hayaondoi hicho kiduara chako?"

Breki zikalia. Nakuru.