Mwiko Nilioukuta Jikoni Anoka

Mheshimiwa Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, Baba Mchungaji Eliezer, wageni wetu wa heshima mliotoka Saint Paul kwenye barafu hii, wazee, kina mama, vijana mnaojifanya hamjui Kiswahili, na ninyi mlioko jikoni ambao harufu ya nyama yenu inaninyang'anya wasikilizaji: hamjambo?

Nimeitwa kuvuta pazia lile jekundu ukutani. Nyuma yake, kama mlivyokwisha kunong'onezana, kuna kibao chenye jina langu alichokifunga Papa Bagalwa jana kwa skrubu nane: "Ukumbi wa Jairus Muriuki, Mwanzilishi." Skrubu nane! Papa Bagalwa, ulidhani nitatoroka nacho?

Kabla sijavuta, nivumilieni kwa somo dogo nililopewa na binti yangu Kendi, anayesomea historia chuo kikuu. Waviking mnawajua, hapa Minnesota hata asiyejua historia huililia timu yenye jina lao kila msimu wa mpira. Kumbe wale wa kale, mabaharia wa Norwei na Greenland, walifika upande huu wa bahari karibu miaka mia tano kabla ya Kolumbus. Wakajenga nyumba chache za udongo, wakakaa kidogo, wakaondoka. Tumejuaje? Wachimbaji walikuta pini ya shaba na kijiwe cha kusokotea uzi, na wataalamu wakasema, basi hapa palikuwa na wanawake. Kolumbus akaja baadaye, akapotea njia, akadhani yuko Asia, akapewa sikukuu na sanamu. Na wote, tusisahau, walikuta wenyeji wakiishi kwao.

Nikamuuliza Kendi, sasa huyu wa pili aliwezaje kuitwa wa kwanza? Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yao, kwamba yeye alirudi nyumbani akasimulia sana. Kisha akanitazama. Ndugu zangu, chai ilinipalia.

Maana ni nani katika jimbo hili amesimulia kunishinda mimi? Ni nani hapa asiyejua jinsi nilivyofika Anoka mwaka 2004, na koti la kuazima, nikakuta jiko tupu chini ya kanisa, nikasonga ugali wa kwanza katika kaunti nzima? Nimeisimulia harusini, nimeisimulia msibani, na mwaka juzi nilimsimulia daktari wa meno, mdomo wangu umejaa pamba.

Jiko halikuwa tupu. Kwenye droo ya pili kulikuwa na mwiko. Si kijiko cha mbao, ni mwiko, wa kwetu kabisa, umeungua ncha, na unga mkavu bado umeganda ubavuni. Bibi mmoja wa asili ya Norwei aliyetunza jiko lile akaniambia, "Huo ni wa Goretti. Aliwapikia wenzake hapa kila Jumapili, miaka miwili, halafu akahamia Saint Paul kwa kazi ya hospitali. Mtafute, atafurahi." Je, nilimtafuta? Nilitafuta kipaza sauti.

Mwiko nikaufanya wangu. Mama Goretti alipostaafu akarudi kukaa Champlin, hapa jirani, akajiunga nasi, na miaka mitatu mfululizo amenisikiliza nikieleza lile jiko tupu. Mwaka jana alinipigia makofi. Nami nikamshukuru!

Jumamosi nilikwenda kwake, nikakiri yote. Akanimiminia chai kwanza. "Baba Kendi," akasema, "mwiko wangu niliuona mkononi mwako siku ile ya kwanza. Nilikuwa nangoja tu nione utasema lini." Nikamwambia kibao kitaandikwa upya, kwa jina lake. Akacheka mpaka akajifuta macho. "Usiniletee mambo ya kibao. Mimi mwenyewe ufunguo nilipewa na yule bibi, na jiko lilikuwa lake. Nataka mwiko wangu."

Naona aibu, ndugu zangu, na ni haki niione mbele yenu, kwa kuwa ni mbele yenu nilikojisifu. Miaka ishirini nimekula sifa ya mwanamke ambaye hata salamu sikumpelekea, ilhali Saint Paul ni mwendo wa dakika arobaini, na thelathini kama anayeendesha ni Baba Mchungaji.

Kwa hiyo pazia sitalivuta. Papa Bagalwa, pole kwa kazi, lete bisibisi, uzifungue skrubu zote nane. Ukumbi huu uitwe Ukumbi, na atakayeingia apike.

Sasa naomba aliye karibu na mlango wa jikoni amwite Mama Goretti. Mimi nimeketishwa meza kuu na ua kifuani, yeye yuko huko ndani anatupikia, na naambiwa anahangaika kusonga ugali wa watu mia mbili kwa kijiko cha supu. Haya, anakuja, mpisheni. Nawashukuru nyote kwa kunivumilia mpaka hapa.

Mama, mwiko wako huu.