Karo Niliyomtupia Mama Mkwe

Mwenyekiti ameniambia nianze na maneno ya upendo. Mimi nitawasalimu tu. Hamjambo? Haya, hiyo imetosha.

Nimeitwa hapa kutoa ushuhuda kwa sababu mmesikia siku hizi niko sawa. Mmoja wenu alinipata pale steji ya Kitengela akanishika mkono, anatabasamu mpaka nikashangaa, ati, "Mama, kuja ututie moyo, wanachama wamelemewa." Nikamuuliza, kwani hamnikumbuki? Akasema mambo ya zamani tumwachie Mungu. Ndugu zangu, nawaambia, mmemwachia Mungu vitu vingi sana, na vingine ni vyenu. Leo sitataja jina la mtu. Lakini nikiona mtu anaangalia viatu vyake, nitajua tumeelewana.

Nyinyi mliojiunga juzi hamnijui. Nilikuwa mwanachama wa hiki chama chenu cha kukopeshana. Mimi nashona kwenye kiwanda cha nguo upande wa Athi River. Mume wangu alikuwa na boza, lile lori la tangi la maji, anauzia watu wa Kisaju na mitaa ile mipya isiyo na mfereji wa maji. Pesa zilikuwa zinaingia kwa milango miwili, na tulikuwa tunakula vizuri. Halafu injini ya boza ikaharibika. Akakopa hapa, mimi mke wake nikawa mdhamini. Injini ikatengenezwa, ikawa nzuri sana, na siku moja boza likashika barabara ya Namanga na dereva wake, yaani mume wangu, na mwanamke fulani kwa kiti cha mbele. Halikurudi. Mimi nikabaki na mshahara mmoja, watoto wawili na deni lake.

Sasa wageni, sikilizeni vile hiki chama hufanya. Walikuja Jumamosi asubuhi na pikapu, wamevaa zile leso zao za kufanana. Mmoja akaanzisha wimbo wa kanisa, wengine wakaitikia, na huku wanaimba wakabeba viti, wakabeba meko ya gesi, wakabeba tangi la maji. Wakaingia chumbani wakakuta msichana wangu mkubwa amekalia godoro lake. Mmoja akamwambia, "Simama mrembo, tusikuumize." Akasimama. Wakabeba godoro.

Najua ni katiba ya chama. Hata mimi niliipigia kura, nilikuwa nimekaa hapo ulipokaa wewe wa kitambaa cha kijani. Vitu mliuza, deni likaisha, hakuna mtu anamdai mwenzake. Lakini hakuna mahali katiba inasema muimbe.

Tuendelee. Wiki hiyo hiyo msichana akatakiwa arudi shuleni. Alikuwa kidato cha pili, shule ya bweni huko Kajiado, na karo hakuna. Mnielewe vizuri hapa. Viti sikuvililia, viti hununuliwa. Nilichotaka ni huyo mtoto amalize kidato cha nne, basi. Mimi nilitolewa shuleni nikiwa kidato hicho hicho cha pili, na tangu hapo nimeinamia mashine ya kushona mpaka mgongo umekataa kunyooka. Nilikuwa nimeapa kwamba hiyo mashine haitamkalisha mtoto wangu.

Mtakumbuka kuna mtaalamu aliwahi kuletwa hapa kutufundisha mambo ya mikebe. Mshahara ukiingia unaugawa, huu mkebe ni wa nyumba, huu wa unga, huu wa karo. Tulimpigia makofi. Basi nikatafuta mikebe mitatu nikaipanga chini ya kitanda changu, ambacho mliniachia kwa sababu hakikutosha kwa pikapu. Mwanzoni nilijiona mwerevu kabisa. Baadaye kidogo, mkebe wa unga ukakopa kwa mkebe wa karo. Mdogo akakohoa, mkebe wa nyumba ukanunua dawa. Mwenzangu wa kiwandani akafiwa, na mkebe wa karo ukatoa mchango wa mazishi. Sikulewa, sikununua hata kitambaa. Hiyo mikebe ilikopana tu yenyewe kwa yenyewe, kama nyinyi, na hakuna uliolipa.

Nikamchukua msichana, bado amekaa tu nyumbani, tukaenda Bisil kwa mama mkwe. Huyo mama hununua na kuuza mbuzi pale sokoni. Mimi hakuwahi kunipenda. Tangu niolewe ananiita "yule wa Kiambu," kama sina jina, hata nikiwa nimekaa mbele yake namenya viazi vyake. Tulipofika, mtoto akainamisha kichwa vile watoto wa Kimaasai husalimu, bibi yake akamwekea mkono kichwani, akampa maziwa, akamwita majina matamu ya Kimaa. Mimi nikaonyeshwa kigoda. Hata chai sikupewa.

Nikamwambia shida yangu. Nikamwomba auze mbuzi mmoja tu.

"Nikuuzie mbuzi?" akasema. "Wewe pesa zinakupitia kama maji kwa chujio. Nikikupa mbuzi leo, kesho ni mfupa. Huyu mtoto hawezi kumaliza shule akiwa mikononi mwako."

Mbele ya mtoto! Ngai, nilisikia joto mpaka kwa macho. Mshahara nilikuwa nimepokea jana yake, uko kwa mkoba. Nikatoa fungu la karo nikamtupia mapajani.

"Basi shika wewe!" nikamwambia. "Shika wewe unayejua kushika, tuone kama shida ni mimi!"

Nilidhani atanirudishia. Wapi! Akaziokota zote, akazihesabu bila haraka, akaenda ukutani kunakotundikwa vibuyu vya maziwa. Mimi niliolewa huko lakini sikuwa nimejali kujifunza mambo ya vibuyu. Kwao kila kibuyu kiko na mwenyewe. Kuna cha mzee, kuna cha wageni, kuna cha watoto, na mama wa nyumba ndiye hugawa. Mwanamume mwenye boma na ng'ombe zake zote haulizi cha mtoto kina nini ndani. Akashusha kibuyu kimoja kidogo, kile msichana wangu alikuwa ananywea akiwa mdogo, akaweka pesa, akafunga kifuniko.

"Hiki ni cha mtoto," akasema. "Ukija kuleta, leta. Ukija kuchukua, usinisalimie."

Kesho yake alikwenda shuleni mwenyewe akalipa hizo, akawaambia nyingine zinakuja. Mtoto akapokelewa. Mimi nikarudi Kitengela nikimlaani njia yote.

Lakini hasira nayo hufikiri. Nilipotulia nikajiuliza, ni nani mwingine hanipendi? Kulikuwa na mwenye ploti ninapokaa, mama aliyewahi kunifungia nyumba kwa kufuli nguo zangu zikiwa ndani. Mshahara ukiingia nikawa nampelekea kodi kabla hajaitisha. Kulikuwa na mwenye duka aliyeninyima unga wa deni, na foleni yote inasikia. Nikampa pesa za unga na mafuta za mwezi mzima, anipimie kila wiki, na nikamwambia hata nikimlilia asinirudishie shilingi. Akasema hiyo ni kazi rahisi, amezoea kuninyima. Kwa mkoba wangu nikawa nabaki na nauli na chumvi.

Marafiki sikuwapa hata senti washike. Rafiki ukimlilia anakurudishia, halafu mnalia pamoja. Mchango ukija nasema sina, na ni kweli sina. Mkaniita mchoyo, mkanitoa kwa grupu ya simu. Nilipumzika sana.

Tukaenda hivyo mpaka msichana akaingia kidato cha nne. Kila mwisho wa mwezi natoka kazini, naenda Bisil, natoa pesa, zinahesabiwa mbele yangu kama mimi ni mwizi, naondoka. Salamu hakuna.

Halafu mume wangu akapiga simu.

Alilia, jamani. Akasema boza limezuiliwa kwa yadi huko Namanga. Nikimtumia pesa ya kulitoa anarudi nyumbani, yule mwanamke wameachana, tuwe kama zamani. Msinicheke. Nyinyi wenye waume mnacheka haraka. Mtu aliyegawa mshahara mmoja mpaka akasahau sukari ina ladha gani, akisikia "narudi nyumbani," anasahau kila kitu. Nilitaka hilo boza kuliko nilivyotaka kula.

Nikaenda kwa mwenye ploti. Akasema kodi ikishaingia kwake haijui njia ya kutoka. Nikaenda dukani. Yule akacheka, akaniambia anaweza kunipa unga, nimtumie mume wangu unga. Ikabaki Bisil. Na hapo nilikuwa na uhakika, kwa sababu huyo anayelia ni mtoto wake wa kumzaa, kifungua mimba wake. Nikajiambia, mimi hanipendi lakini mwanawe atampa.

Nilimpata sokoni katikati ya mbuzi, siku ya soko, watu wamejaa. Nikamweleza. Nikamwambia anipe zile za karo, nitazirudisha boza likianza kazi. Macho yake yakalowa, na sikuwa nimewahi kuyaona hivyo. Nikajua nimeshinda.

"Amekwambia anarudi?" akauliza.

"Amesema."

"Amekuuliza mtoto yuko kidato gani?"

Ndugu zangu, hakuwa ameuliza. Tuliongea mpaka simu ikapata moto, na hakuwauliza watoto hata kama wako hai.

"Hata mimi alinipigia," mama mkwe akasema. "Hakuniuliza. Yule nilimzaa mimi, na nitamlilia mimi. Lakini za mtoto hazitoki."

Hapo mngeniona. Nilimwita mchawi. Nilimwita mama mbaya mbele ya soko zima, nikamvuta shuka. Akanisukuma na fimbo yake nikakaa kwenye mavi ya mbuzi, na watu wakacheka, wakatafsiriana kwa Kimaa ili wote wacheke. "Rudi kazini, wa Kiambu," akaniambia, akageuka kuendelea kuuza.

Mume nilimwambia sina. Akanikatia simu. Na hakurudi, ndugu zangu. Kama angetaka kurudi, kutoka Namanga mpaka Kitengela ni barabara moja, hata kwa miguu mtu hufika.

Muhula wa mwisho tukaitwa shuleni kumaliza salio, mitihani imekaribia. Nilikwenda na woga, nimepiga hesabu usiku na mchana na kila nikipiga naona hazitoshi. Yeye akaja kivyake kutoka Bisil, kibuyu ndani ya shuka. Akapita hapo niliposimama kama anapita mti. Akamwaga pesa kwa meza ya karani. Karani akahesabu, akaandika risiti, halafu akasukuma nyingine nyuma. Zilikuwa zimebaki!

Nikamwambia karani ahesabu tena, kwa sababu mimi najua nilichopeleka. Akahesabu. Zilikuwa zimebaki.

"Hizi zingine ni za nani?" nikamuuliza mama mkwe.

"Ni mbuzi," akasema. "Kwani ulidhani nakichukia kibuyu? Ni wewe siwezi."

Nililia hapo ofisini kwa sauti. Muda wote ule alikuwa anauza mbuzi wake na kuongeza humo ndani, na kila mwezi ananinunia. Akaniambia nifute kamasi, namwaibisha mtoto.

Msichana alimaliza. Sasa anasomea uuguzi, na mgongo wake umenyooka.

Mmeniambia nimalize na shukrani na funzo. Shukrani zangu ni kwa mwenye ploti, kwa mwenye duka, na kwa huyo mama wa Bisil. Hawajawahi kunipenda, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunidanganya kwamba ananipenda. Funzo ni hili. Ukiwa na mshahara mmoja, usishike mafungu yote mwenyewe, na usiyape rafiki. Kodi mpe anayependa kodi. Unga mpe anayependa kuuza unga. Na fungu la mtoto, tafuta mtu anayempenda mtoto wako kuliko anavyokupenda wewe, hata kama wewe hapendi kukuona. Nyinyi mlinipenda mimi sana, na watoto wangu mkawalaza kwenye sakafu.

Mwenyekiti, asante, naona chai imeiva. Kunyweni tu. Mimi naenda Bisil, mdogo ameingia kidato cha kwanza na leo ni siku ya kupeleka zake. Nikichelewa yule mama atanitukana mbele ya mbuzi, na kusema kweli, hapo ndipo nimezoea kupendewa watoto wangu.