Basile Nzeyimana, Mtu wa Pasi Fupi

Wachungaji, wazee wa mji na wa bonde, mama zetu, walimu wenzake, majirani wa Kimanga mlioacha kazi zenu tangu Jumatano, nanyi wachezaji wa zamani wa timu ya Mikeke ninaowaona pale nyuma na maillot zenu za bluu zinazowabana tumbo, poleni sana, na mtusikilize kidogo. Familia imenituma mimi Franck, kaka mkubwa wa marehemu, niwasomee maisha yake tangu alipofika mpaka alipotuacha, na imenionya nisiongeze maneno yangu, lakini mnanijua, na marehemu mwenyewe angenicheka kama ningesoma mbiombio kama mtu wa radio.

Marehemu Basile Nzeyimana alizaliwa Mutarule, katika bonde la Ruzizi, tarehe 12 mwezi wa tatu mwaka 1987, mtoto wa tatu wa marehemu baba yetu Firmin, mkulima wa mpunga, na wa mama yetu Élisabeth, huyu aliyeketi hapa mbele na kitenge cha njano. Mama anasema alizaliwa kimya, akalia baadaye kabisa, wakati wanawake waliokuwa pale walikuwa wameshaanza kusali kwa sauti, na kwa kweli hiyo ndiyo ilikuwa tabia yake maisha yote, hakuwa mtu wa kujitangaza, ungemkuta tu amekwisha fika.

Alianza shule ya msingi palepale Mutarule mwaka 1993, vita ya 1996 ikatukimbiza ng'ambo, Burundi, akapoteza mwaka, akamaliza mwaka 2000, kisha akateremka Uvira kukaa kwa shangazi yetu hapa Kimanga, akasoma sekondari, section ya bio-chimie, akapata diplôme d'État ya kumaliza sekondari mwaka 2007, na mwezi wa kumi wa mwaka uleule akaandikishwa katika chuo kikuu kimoja cha hapa mjini, alikotoka na shahada ya licence mwezi wa saba mwaka 2012.

Hapa ndipo familia iliponiambia nifupishe, na hapa ndipo sitafupisha.

Mwaka 2008 Basile aliingia katika timu ya football ya chuo, Mikeke, si kwa sababu ya mbio, maana mbio hakuwa nazo, wala si kwa sababu ya urefu, maana kwa urefu alinifuata mimi na mnaniona, bali kwa sababu kocha Hatungimana, ambaye tunamshukuru kufika leo na mguu wake mgonjwa, aliona katika mazoezi kwamba kila mchezaji akibanwa, huyu kijana amekwisha sogea karibu naye, katika ule upenyo mdogo ulio mbele ya mabeki wa adui, pale ambapo kila mtu anaogopa kusimama kwa sababu mateke yanatoka pande zote, anaonyesha mguu, anaita kwa sauti ndogo, "Niko!" Anapewa mpira, anakanyagwa, mpira haupotei, anautoa kwa pasi fupi kwa mwenzake aliye huru, basi, anaondoka kutafuta upenyo mwingine. Hakuna kitu cha kupigia makofi hapo, na watu hawakupiga.

Tarehe 16 mwezi wa tano mwaka 2010, siku ya Mungu, mama aliteremka kutoka Mutarule na mfuko wa mihogo kichwani, kwa mara ya kwanza kuja kuangalia mtoto wake anavyocheza, Mikeke wakashinda, mshambuliaji wetu Vainqueur akafunga, na mnakumbuka desturi ya wanafunzi wa wakati ule, mfungaji habebwi na moto, yaani pikipiki, anabebwa mabegani kutoka uwanjani mpaka hapa Kimanga, na filimbi, na matawi, na honi za pikipiki. Vainqueur akapita juu ya vichwa vyetu kama mtawala, wasichana wanamwimba, na nyuma kabisa, peke yake, Basile anatembea na wavu wa mipira begani, maana kukusanya mipira ilikuwa kazi ya aliyebaki, na aliyebaki siku zote alikuwa yeye. Ndipo mama akaniuliza, kwa sauti yake ileile mnayoijua, "Weye Franck, mutoto wangu alicheza fasi gani? Minye sikumuona."

Basile alisikia. Alicheka, akampokea mama mfuko, akamsindikiza mpaka kwenye gari, lakini lile neno lilimwingia ndani sana, na jioni ile aliniambia kwamba kubebwa hataki, kuimbwa hataki, anataka kitu kimoja tu, mama yake amwone akicheza, hata mara moja, ajue kwamba ile safari ya kumleta mjini asome haikuwa ya bure. Na jambo lenyewe lilizidi kuwa gumu, kwa sababu mwaka uliofuata comité ya wanafunzi nayo ilianza kuuliza huyu wa katikati anafanya kazi gani, hafungi, hakimbii, hapigi chenga, kwa nini asipishe wengine, na kocha, ambaye ataniwia radhi, alikuwa ameanza kuwasikiliza.

Jumapili tarehe 20 mwezi wa tatu mwaka 2011 malaria ilimlaza Basile chini, na ni siku hiyohiyo mama akafika kutoka Mutarule bila kutoa habari, akamkuta kwa shangazi anatetemeka chini ya blanketi mbili, akataka kukaa naye, Basile akakataa, akamwambia, "Mama, nenda weye, uniangalilie Mikeke." Mama akaenda, nami nikaketi pembeni yake. Fasi ya Basile walimpa kijana mwenye mbio na chenga tamu, uwanja mzima ulimshangilia dakika za kwanza, kisha jamani, timu ikafumuka kama mkeka uliokatika uzi, mabeki wanapata mpira, wanainua kichwa, hawaoni mtu wa kumpa, wanapiga mbali, mpira unarudi juu yao, na Vainqueur amesimama kule mbele mikono juu, kama abiria aliyesahauliwa na gari njiani. Tulifungwa mabao ambayo sitayahesabu mbele ya marehemu. Nikamwona mama ameacha kufuata mpira, anatazama sehemu moja tu katikati ya uwanja.

Tuliporudi alivua viatu mlangoni, akaketi kwenye kitanda cha mtoto wake, akamshika mguu juu ya blanketi, akasema, "Basile, leo nimekuona. Nimeona fasi yako. Ilikuwa wazi tangu mwanzo mpaka mwisho, na kila mutu alikuwa anaitafuta." Basile akageukia ukuta, mabega yanacheza, na baadaye alipoulizwa alisema ni malaria, ati malaria inaleta machozi, nasi tukamwachia uongo wake huo kwa sababu ulikuwa wa furaha. Kesho yake kocha Hatungimana akaja mwenyewe na maji ya matunda, akamwambia apone haraka, na maneno ya kumpisha mtu hayakusikika tena.

Alipona, akarudi, na Jumamosi tarehe 9 mwezi wa saba mwaka 2011 Mikeke wakachukua kombe mbele ya wanafunzi waliotoka Bukavu, bao moja kwa bila, la Vainqueur, kwa pasi fupi ambayo hamna haja ya kuuliza ilitoka kwa nani. Vainqueur akiwa mabegani alipiga kelele wamshushe wampandishe Basile, vijana wakamkimbilia, naye akarudi nyuma na wavu wake, akawajibu, "Muniache! Na hii mipira itabaki na nani?" Watu wakavunjika mbavu, safari ikaendelea, na jambo hilo halikurudiwa tena.

Tangu mwezi wa tisa mwaka 2012 mpaka ugonjwa ulipomzuia alifundisha biolojia katika shule moja ya sekondari ya hapa Kimanga, na walimu wenzake wametuambia kwamba mwalimu akifiwa, akiuguliwa, akikwama barabarani, préfet, mkuu wa shule, hakuwa na haja ya kutafuta, alifungua tu mlango wa darasa na kumkuta Basile ameshika chaki. Na maji ya mwezi wa nne mwaka 2020 yalipoingia mjini, ninyi majirani ndio mashahidi, alisimama katikati ya mkondo, maji kifuani, mnampa watoto kutoka upande huu anawapitisha upande ule, na kila mzazi aliyesita kumwachilia mtoto alisikia sauti ileile ndogo, "Niko, mulete." Ndugu zangu, hakuna mtoto aliyemtoka mikononi, na wengine wao wamekuja leo na maua, Mungu awakuze.

Tarehe 19 mwezi wa saba mwaka 2014 alifunga ndoa takatifu na Honorine, ambaye katika siku za chuo alikuwa sauti ya kwanza kati ya wale wasichana waliomwimba Vainqueur, ndiyo, Honorine, usinitazame hivyo, na watu walipomuuliza imekuwaje basi akaolewa na mbeba mipira, alijibu kwamba Vainqueur alikuwa wa kuimba, lakini mvua ilipowakuta uwanjani aliyefika na mwavuli alikuwa Basile. Mungu aliwapa watoto watatu, Shalom aliyezaliwa mwaka 2015, Chance mwaka 2018, na Laure mwaka 2021, ambaye bado anauliza baba atarudi siku gani.

Ugonjwa wa maini ulianza mwezi wa kwanza mwaka huu wa 2024, alitibiwa hapa Uvira, mwezi wa tano tukampandisha hospitali ya Lemera, akalala huko wiki nyingi, waganga wa hospitali wakafanya yote waliyoweza, wakatuambia ukweli kwa upole, na mwezi wa saba akaomba arudi nyumbani. Siku za mwisho hakuwa tena na nguvu ya kuongea, lakini mama alipomwita kutoka uani, "Basile?", alijibu, "Niko." Jumatano tarehe 14 mwezi wa nane, asubuhi, mama alimwita akajibu, akaenda kuchota maji ya kumwogesha, akarudi, akamwita tena, na hakujibu. Alikuwa na miaka thelathini na saba.

Familia inawashukuru waganga na wauguzi wa Lemera na wa hapa mjini, waliomhudumia kama ndugu yao, mapadri na wachungaji walioombea nyumba hii, walimu na wanafunzi waliogawana saa zake za masomo ili jina lake lisitolewe kazini, mama wa Kimanga ambao moto wao haujazimika jikoni kwetu, vijana waliofunga hema, na ninyi wa Mikeke mliotoka Bukavu, Baraka na Bujumbura. Kama kuna tuliyemsahau, hakika ni mtu wa kazi kama ya Basile, atusamehe, tulimwona.

Neno la mwisho limeombwa na mama mwenyewe. Ameomba kwamba marehemu asipakiwe kwenye gari, abebwe mabegani, kwa ile njia ya zamani inayotoka uwanjani, na kwamba apite mbele, na Vainqueur, ambaye ametoka mbali, ameomba kitu kimoja tu, atembee nyuma kabisa na wavu wa mipira, na mnauona, ameushika.

Basi ndugu yangu, mipira imepata mtu, usihangaike, panda. Mama amekuona, siye wote tumekuona, na tukifika kule kaburini tutakuita jina kwa mara ya mwisho, na kwa sababu weye huwezi tena, tutaitika siye, tuko, Basile, tuko na Honorine, tuko na watoto wako. Upumzike sasa kwa amani yote.